Je, Wajua? Kabla ya Ufito wa Kuvulia Huja Kifaa cha Kuutengenezea

Je, wajua kwamba tupa ya pembe tatu, ile ambayo seremala hunolea meno ya msumeno, imebeba kipimo kikuu cha ufito wa kuvulia wa mwanzi? Itazame upande wa ncha: ni pembetatu yenye pande zilizo sawa, na kila pembe ina nyuzi 60. Ufito bora wa mwanzi nao hautengenezwi kwa mwanzi mzima wa mviringo. Hutengenezwa kwa vipande sita virefu vyembamba, kila kimoja kikapigwa randa hadi kikawa pembetatu ya nyuzi 60, kisha vyote sita vikaunganishwa kwa gundi, kona zao za ndani zikikutana katikati. Sitini mara sita ni 360. Duara limetimia wala hapabaki uwazi. Kinachopatikana ni ufito wa pembesita, mwembamba kuliko mwanzi wowote wa porini wenye nguvu kama hiyo, na usio na tundu katikati.

Wapwani wengi tunavua kwa mshipi wa mkononi, bila ufito, na samaki tunampata. Lakini mvuvi anayerusha chambo chepesi mbali, au anayetumia mshipi mwembamba unaokatika kwa urahisi, anahitaji kitu kirefu kinachopinda na kurudi: kirushe chambo, kisha kipokee vishindo vya samaki ili mshipi usikatike. Kazi hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Uingereza, Marekani na Japani wautumikie ufito kwa karne nyingi. Na ukifuatilia historia yao kwa makini, utakuta kwamba hatua kubwa karibu zote zilitokea siku ambayo mtu fulani, nyumbani kwake au katika karakana ndogo, aliunda kifaa ambacho hakikuwa kinauzwa dukani.

Turudi kwenye tupa. Fundi anayetaka kujiundia kalibu ya kupigia randa hutafuta vyuma viwili vya mraba, upana wa milimita 19 hivi, urefu wa mita moja na nusu au zaidi kidogo. Huvilaza sambamba, vikaachana kidogo, akavibana visitikisike. Kisha hupitisha tupa ya pembe tatu juu ya ule mwanya, nenda rudi, saa nyingi, mpaka kingo za vyuma vyote viwili zinalika na kuacha mfereji wenye umbo la V. Hahitaji kupima pembe, kwa sababu tupa yenyewe inaichonga. Kipande cha mwanzi hulazwa ndani ya mfereji huo, randa hupita juu, na kila kinachochomoza juu ya chuma huondoka kikiwa maranda. Randa ikianza kuteleza juu ya chuma bila kukata, kipande kimefika kipimo.

Ila ufito si mnene sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Shinani unaweza kuwa na milimita saba, na nchani chini ya milimita mbili. Ndiyo maana kalibu nzuri ina bolti mbili mbili kila baada ya sentimita 12.7, yaani inchi tano: moja huvuta vyuma vikaribiane, nyingine huvisukuma viachane. Ukipanua mwanya, mfereji wa V unazidi kina mahali hapo, na kipande kitatoka kinene zaidi hapo. Ukiubana, kipande kitatoka chembamba. Kwa hiyo kalibu moja hutosha kutengeneza fito za kila namna. Fundi hubadilisha vipimo kwa spana tu, akihakiki kina cha mfereji kwa kipimo cha saa ambacho ncha yake imenolewa kwa nyuzi 60 ili iingie sawasawa ndani ya V.

Usahihi huo wote una sababu yake. Kimo cha kipande kimoja ni nusu ya unene wa ufito. Tuseme unataka ufito wenye milimita 6 mahali fulani: kila kipande kiwe na milimita 3. Ukikosea kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu katika kila kipande, ufito utakuwa na milimita 6.2. Hilo ni ongezeko la asilimia tatu na kidogo, mtu angesema si kitu. Lakini ugumu wa kitu kinachopinda hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Kosa lile dogo linaufanya ufito uwe mgumu zaidi kwa asilimia 14 hivi mahali pale. Unene ukizidi kwa asilimia 10, ugumu unapanda kwa asilimia 46. Mvuvi hataona tofauti kwa macho, ila mkono wake utaijua mara ya kwanza atakaporusha.

Randa yenyewe hufanyiwa marekebisho nyumbani. Mafundi wengi huchonga njia pana isiyo na kina upande wa chini wa randa, kina chake kikiwa sehemu chache za mia za milimita, mahali kisu kinapotokea. Kwa njia hiyo kisu hakigusi vyuma vya kalibu, na kalibu iliyogharimu siku nyingi za kusugua haiharibiki. Nalipenda jambo hili kwa sababu halionekani kabisa kwa anayepita karakanani. Randa ni ile ile ya seremala, hadi uigeuze.

Je, wajua kwamba upande wa nje wa mwanzi haupigwi randa hata kidogo? Nguvu ya mwanzi imo katika nyuzinyuzi zake, nazo zimesongamana chini tu ya ganda. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyopungua na nyama laini kuongezeka. Fundi hukwangua ule utelezi wa juu, basi. Pande mbili za ndani ndizo zinazopigwa randa, na ganda hubaki kuwa uso wa nje wa ufito. Kwa sababu hiyo hiyo mwanzi hupasuliwa kwa kisu na nyundo, haukatwi kwa msumeno: msumeno hukata nyuzinyuzi zinapopinda, lakini mpasuko hufuata njia yake wenyewe kutoka fundo hadi fundo.

Mwanzi unaosifika kwa kazi hii duniani huitwa Tonkin, ingawa hautoki Tonkin, kaskazini mwa Vietnam. Unatoka kusini mwa China, katika jimbo la Guangdong, kwenye vilima vya wilaya ya Huaiji. Mtaalamu wa mimea Mmarekani, Floyd McClure, aliyefundisha Canton, ndiye aliyeupa jina la kisayansi, Arundinaria amabilis, mwaka 1931. Kabla ya mwanzi huo kuenea, mafundi wa Uingereza na Marekani walitumia mwanzi kutoka India, ulioitwa wa Calcutta. Ule wa China uliwashinda kwa kunyooka, kwa mafundo yasiyovimba sana, na kwa nyuzinyuzi nyingi. Wakulima hukata mianzi, huisugua kwa mchanga mtoni na kuianika juani, kisha hukatwa kwa urefu wa mita tatu na nusu hivi na kusafirishwa.

Watu kutengeneza vifaa vyao wenyewe vya kazi hii ni jambo la kale. Mwaka 1496, huko Westminster, mchapishaji Wynkyn de Worde alitoa kitabu kilichokuwa na makala ya uvuvi wa ndoana, ambayo kwa desturi huhusishwa na mtawa Juliana Berners. Humo msomaji hafundishwi kununua ufito. Anaambiwa akate fimbo yenye urefu wa pima moja na nusu wakati wa miezi ya baridi, aipashe moto katika tanuri, ainyooshe, aifunge kwenye gogo lililonyooka na kuiacha ikauke. Kisha atoboe katikati kwa waya wa chuma uliopashwa moto, kuanzia mwembamba kwenda mnene. Tanuri, gogo la kunyooshea, chuma cha kutobolea: vitu vitatu, vyote vya nyumbani. Sehemu ya juu ya ufito ilifichwa ndani ya tundu la sehemu ya chini, hivi kwamba mvuvi alitembea na fimbo tu mkononi na hakuna aliyejua aendako. Makala hiyo inaeleza hata vifaa vya kufulia ndoana kutokana na sindano za kushonea.

Ukweli ni kwamba ule moto wa tanuri haujatoweka. Mafundi wa leo wanapasha vipande vya mwanzi, kwa kawaida kati ya digrii 150 na 200 za Selsiasi, ili maji yatoke na mwanzi urudi haraka baada ya kupinda. Tanuri la jikoni ni fupi mno kwa vipande vya mita moja na zaidi. Wanachofanya ni kuingiza bomba la bati ndani ya bomba jingine pana zaidi, kulifunika kwa sufi ya kuzuia joto, na kupuliza hewa moto kutoka upande mmoja kwa kile kifaa cha umeme cha kubandulia rangi. Hewa hupita baina ya mabomba mawili, hugeuka mwishoni na kurudi kupitia lile la ndani, ili joto lilingane pande zote. Vipimajoto viwili, kimoja kila upande, ndivyo vinavyomwambia fundi kama vipande vinaiva sawasawa au upande mmoja unaungua.

Je, wajua kwamba kulikuwa na mashine ya kuchongea mwanzi iliyofichwa kama mali ya siri? Fundi bunduki Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, alianza kuunda fito za mwanzi uliopasuliwa miaka ya 1840, kwa mikono na vifaa vya ufundi wake. Aliyefanya kazi hiyo iwe biashara ni Hiram Leonard wa Bangor, Maine. Katika miaka ya 1870 karakana yake ilikuwa na mashine yenye misumeno ya kukata vipande kwa pembe na kwa mchongoko unaotakiwa, kazi ya saa nyingi za randa ikawa ya dakika. Mwaka 1881 alihamia Central Valley, jimbo la New York, na mashine yake. Inasimuliwa kwamba chumba chake kilifungwa kwa kufuli na ni wachache mno walioruhusiwa kuingia. Fred Thomas, Eustis Edwards na Edward Payne, waliopitia karakana hiyo, baadaye kila mmoja alikuwa na jina kubwa katika ufundi huu. Huwezi kumlaumu Leonard kwa lile kufuli, maana mwanzi ungeweza kununuliwa na yeyote. Kilichomtofautisha na wengine kilikuwa kile kilichokuwa nyuma ya mlango.

Mlango huo ulifunguliwa na watu wengine, taratibu, na kwa njia ya vitabu. Daktari George Parker Holden wa Yonkers, karibu na jiji la New York, alichapisha mwaka 1920 kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujitengenezea ufito wa mwanzi nyumbani, pamoja na kalibu za mbao. Mbao ngumu ni rahisi kupatikana na kuchongwa, ndiyo maana hadi leo wanaoanza huitumia, ila hulika na randa na huvimba unyevu ukizidi. Mmoja wa waliojifunza kwa Holden alikuwa Everett Garrison, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1893. Garrison alichukua ufito akautazama kama daraja: alikokotoa mkazo kila inchi tano za urefu, akachora michoro yake, akaunda kalibu ya chuma na vifaa vingine vyote alivyovihitaji. Alipima kwa sehemu ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025.

Uzeeni, Garrison alimpata mwanafunzi ambaye hakuwa fundi wala mhandisi. Hoagy B. Carmichael alikuwa mtu wa filamu na televisheni, mtoto wa mtunzi maarufu wa nyimbo mwenye jina hilo hilo. Alikwenda kumrekodi mzee akiwa kazini, akaishia kujifunza kazi yenyewe. Garrison alifariki mwaka 1975. Mwaka 1977 kitabu chao kilitoka, na ndani yake mlikuwa na kila hatua pamoja na michoro ya vifaa na vipimo vyake, msomaji achukue aende kwa fundi vyuma au aanze mwenyewe uani. Kwa maoni yangu hakuna jambo jingine lililoujenga upya ufundi huu kama uamuzi huo wa kutoa michoro ya vifaa, si michoro ya fito peke yake. Ufundi uliokuwa karibu kufa na wazee wake ukaanza kuonekana katika gereji za walimu, madaktari na mafundi umeme.

Kati ya vifaa hivyo, ninachokipenda zaidi ni kile cha kufungia. Vipande sita vikishapakwa gundi, vinateleza na kukimbiana. Lazima vibanwe kwa uzi kutoka mwanzo hadi mwisho kabla gundi haijashika, tena kwa mkazo usiobadilika. Kifaa cha Garrison kina kamba isiyo na mwisho inayopita kwenye roda na kuning'iniziwa uzito, halafu inazungushwa kwenye lile fungu la vipande. Ukizungusha mpini, kamba inalizungusha fungu na wakati huo huo inalisogeza mbele, na uzi wa kufungia unajiviringisha wenyewe kwa nafasi zilizo sawa. Fundi wa majahazi wa Lamu au Nungwi hahitaji maelezo marefu hapa: ni kama keekee yake, ambayo kamba ya uta huzungushwa kwenye mti wake na kuufanya uzunguke. Tofauti ni kwamba keekee huenda na kurudi, na hiki huenda upande mmoja hadi mwisho. Ndiyo sababu ufito hupitishwa mara ya pili, safari hii kamba ikizungushwa kinyume. Ukipitishwa mara moja tu, mkazo wa uzi huusokota, gundi inakauka, na ufito unabaki na msokoto ambao ni shida kuuondoa.

Je, wajua kwamba vita na siasa ndivyo vilivyobadilisha vifaa vya fundi wa fito? Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mkemia Mmarekani Arthur Howald alivunja ncha ya ufito wake wa mwanzi akiwa katika safari ya kuvua. Mwanzi mzuri ulikuwa adimu. Kazini kwake alishughulika na plastiki, akajaribu kutengeneza ncha mpya kwa nyuzi za kioo zilizolowekwa katika utomvu wa plastiki. Kampuni ya Shakespeare iliinunua njia yake, na mwaka 1947 fito za nyuzi za kioo zikaanza kuuzwa. Kisha mwaka 1950, kwa ajili ya vita vya Korea, Marekani ilipiga marufuku bidhaa za China, na mwanzi wa Guangdong haukuingia nchini humo kihalali hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Marufuku ilipoondolewa, mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ilitoa fito za nyuzi za kaboni. Hesabu ya mwanzi kwa wavuvi wengi ilikuwa imekwisha.

Ufundi wa nyumbani haukwisha. Ulihama. Kwa kuwa mtu hawezi kwa urahisi kuoka nyuzi za kaboni uani, hununua ufito mtupu kutoka kiwandani, kisha huweka yeye mwenyewe mpini, kishikio cha rili, na zile pete ndogo za kupitishia mshipi. Vifaa vya randa vikaachwa, vikaja vifaa vya kuzungusha. Na hapa gharama hushuka hadi karibu na sufuri.

Chukua boksi gumu la katoni. Kata mapengo ya V kwenye kingo mbili zinazoelekeana, uyabandike kitambaa laini. Laza ufito juu ya mapengo. Weka kibiringo cha uzi ndani ya kikombe ili kisitoroke sakafuni, pitisha uzi baina ya kurasa za kitabu kinene kilichofungwa, kisha juu ya kitabu weka vitabu vingine viwili. Uzito wa vitabu ndio mkazo wa uzi: ukitaka zaidi ongeza kitabu, ukitaka pungufu ondoa. Wapo mafundi wenye jina ambao walianza hivyo na wengine hawakuwahi kukiacha kile kitabu.

Uzi unazungushwa juu ya mguu wa pete, mzunguko mmoja ukigusa mwingine, bila pengo na bila kupandana. Hakuna fundo lolote. Mizunguko kama minane ikiwa imebaki, fundi hulaza juu ya ufito kitanzi cha uzi mwingine, akaendelea kuzungusha juu yake. Akifika mwisho hukata uzi, hupitisha ncha yake katika kitanzi, halafu huvuta kitanzi kutoka upande wa pili. Ncha inavutwa chini ya ile mizunguko minane na kubanwa humo. Wanaofanya kazi nyingi hawazungushi kwa mkono. Hung'oa mota ya cherehani ya umeme iliyochakaa, na pedali yake, wakaiunganisha na ufito: mguu ukikanyaga kidogo, ufito unakwenda polepole, na mikono yote miwili inabaki huru kuongoza uzi.

Baada ya uzi hupakwa epoksi, na hapo mvutano wa dunia ni adui. Epoksi huchukua saa kadhaa kabla ya kushika. Ufito ukitulia, epoksi inashuka na kuning'inia chini kama matone. Dawa ni kuuzungusha polepole bila kukoma. Je, wajua kwamba mota inayofaa kwa kazi hiyo imo chini ya sahani ya maikrowevu? Ni mota ndogo ambayo kasi yake hufuata mapigo ya umeme wa gridi. Mara nyingi imeandikwa mizunguko 5/6 kwa dakika, maana yake mitano kwa umeme wa Hz 50 kama wetu wa Tanzania na Kenya, na sita kwa umeme wa Hz 60 kama wa Marekani. Jambo la ajabu ni kwamba nyingi za mota hizo hazina upande maalumu: ukiwasha zinaweza kuanza kulia au kushoto, ndiyo maana sahani leo huzunguka huku na kesho kule. Epoksi haijali upande, mradi mzunguko usisimame.

Ila hapa nasema kwa msisitizo. Ndani ya maikrowevu mna kapasita inayoweza kubaki na umeme wa volti zaidi ya 2,000 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo unaua. Asiyejua kuitoa chaji yake asifungue kifuniko kikubwa. Kwa mashine nyingi mota ya sahani hufikiwa kutoka chini, kupitia kibati kidogo, bila kugusa sehemu hiyo ya hatari. Au apelekewe fundi umeme aitoe. Soma pia maandishi ya mota: nyingine ni za volti 220 hadi 240, nyingine ni za volti 21 tu, na hizo ukizichomeka ukutani moja kwa moja zitaungua.

Sehemu mbili za epoksi huchanganywa kwa ujazo ulio sawa, na bomba la sindano lisilo na sindano ndilo kipimo rahisi. Chagua lisilopakwa mafuta ya silikoni kwenye mpira wake, kwa kuwa mafuta hayo yakiingia kwenye epoksi huifanya ijitenge na kuacha mashimo madogo juu ya uzi. Mapovu huondolewa kwa kupitisha mwali mdogo wa taa ya spiriti karibu na ufito unaozunguka: joto huilainisha epoksi, mapovu yakapanda na kupasuka.

Mpini huundwa kwa pete za koki, kila moja ikiwa na unene wa milimita 12.7, zilizounganishwa kwa gundi na kubanwa kati ya vibao viwili kwa vyuma vyenye nyuzi na nati. Kisha hukerezwa. Asiye na mashine ya kukereza hufunga drili mezani, huipachika koki kwenye chuma kinachozunguka, na kuishika kwa ukanda wa msasa. Kazi hiyo yataka mkono mwepesi, kwa sababu koki ni gamba la mti, na gamba hilo halipatikani haraka. Karibu nusu ya koki ya dunia hutoka Ureno, ambako sheria inataka miaka tisa ipite kati ya kubandua gamba mara moja na mara inayofuata. Mti hubanduliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25, na mavuno mawili ya kwanza ni ya gamba gumu lililopindapinda. Gamba laini la kutosha kwa vizibo vizuri vya chupa huanzia mavuno ya tatu, mti ukiwa umepita miaka 40.

Nchini Kenya, samaki ambao fito hizi ziliundwa kwa ajili yao wamo tangu 1905, mwaka ambao Ewart Grogan aligharimia trauti wa Uskoti wapandwe katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Mto huo unapita katika ukanda wa mianzi ya milimani, na wanaovua huko kwa nzi bandia bado wapo. Ufito wa kaboni wa kuvulia trauti hao, ukishauzungushia uzi juu ya boksi la katoni, wahitaji mota ya mizunguko mitano kwa dakika, mahali pasipo vumbi, na kama saa sita za umeme usiokatika.